SOMO: Kuandaa picha za zamani kwa ukurasa wa albamu ya kompyuta (soma kwanza, uliza baadaye)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara saba: "Dada, mbona picha ya marehemu nikiichapisha inatoka na ukungu?" Nimejibu mara saba. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrushia somo hili niendelee na chai yangu.

Nazungumzia ukurasa unaopangwa kwenye kompyuta: picha, karatasi ya nyuma, maneno, mapambo kidogo, kisha unachapishwa au unatumwa kwa ndugu. Mie natumia GIMP, programu ya kurekebisha picha, kwa kuwa ni ya bure na laptop yangu ni kongwe. Mwenye Photoshop afuate hivihivi. Mwenye simu tu nimemjibu huko chini.

1. Safisha picha. Brashi laini au kitambaa kikavu. Maji hapana. Mate hapana, na nimeshaona mtu akifanya.

2. Skani kwa 600 (dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi). Picha ya inchi 3 kwa 4 itakupa pikseli (nukta zinazounda picha) 1,800 kwa 2,400, na kwa uchapaji wa 300 unapata inchi 6 kwa 8, mara mbili ya uliyoshika mkononi. Huna skana? Laza picha mezani, barazani penye kivuli, simu iwe sambamba nayo, taa ya kamera izimwe. Ukitoka na picha ya kung'aa kwenye jua la Tanga la saa sita, utapiga picha ya jua.

3. Fanya nakala KABLA ya kugusa chochote. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka 2017 mama mdogo alikuja kutoka Pangani na picha ya bibi, mama yao. Kasimama mbele ya pazia la studio hapa Ngamiani, kanga doti, kikuku mguuni, mkono mmoja kiunoni kama anayetaka kumjibu mpiga picha. Ndiyo picha pekee ya ujana wake. Nikaiskani mama mdogo kaketi ubavuni mwangu, akairudisha kwenye bahasha, akapanda basi la jioni. Usiku nikaipunguza iwe pikseli 600 ili ikae kwenye ukurasa wa kutuma kwenye simu, nikaiamuru programu iandike juu ya faili lilelile. Nikafunga, nikalala.

Miezi minne baadaye ukoo ukataka ichapishwe kubwa. Nafungua faili: 600. Kwa uchapaji wa 300 hiyo ni inchi 2. Nikampigia mama mdogo aniletee tena. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, masika maji yaliingia kabatini." Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala. Leo picha ile ipo sebuleni kwa mama, ndogo, katikati ya fremu kubwa yenye karatasi nyeupe pande zote. Wageni husema weupe ule umependeza.

Basi: fungua folda iite ASILI, weka humo kilichotoka kwenye skana, usikifanyie kazi milele. Nakili kwenye flashi, na nyingine jitumie kwa barua pepe. Fanya kazi kwenye nakala. Kazi inayoendelea ihifadhi kama XCF, aina ya faili la GIMP (au PSD kwa wa Photoshop), ili leya, yaani tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine, zibaki zimetengana. JPEG ni ya mwisho kabisa: kila ukiifungua, ukairekebisha na kuihifadhi upya, inatupa sehemu ya picha, na kilichotupwa hakirudi. Usiunganishe leya ati faili limekuwa zito. Nunua flashi.

4. Nyoosha, kata pembezoni. Hamuhitaji mwalimu.

5. Rangi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka wekundu, kwa sababu rangi ya samawati (cyan) ndani ya karatasi hufifia mapema kuliko zenzake hata picha ikiwa gizani. Fungua Levo (Levels), ule mchoro wa vilima. Shughulikia nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake: vuta alama za mwisho hadi pale kilima kinapoanza na kinapoishia. Kisha tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, kanzu au shati la shule. Kikitulia, na nyuso nazo hutulia.

Na nyuso mziache. Naletewa picha naambiwa "mng'arishe kidogo". Kama uso umezama gizani, nitainua mwanga mpaka macho yaonekane. Kumbadilisha mtu rangi sifanyi. Bibi alikuwa mweusi, wajukuu zake wamjue hivyo.

6. Mikwaruzo. Leya mpya, chombo cha kunakili, brashi ndogo, ukuzaji wa asilimia 100. Futa mikunjo na madoa ya karatasi. Kovu la mtu si doa.

7. Ukurasa. Inchi 12 kwa 12 ni pikseli 3,600 kwa 3,600. Kisu cha mchapaji hakilengi kama unavyodhani, hivyo ongeza milimita 3 kila upande, ukurasa uwe 3,672, na nyuso na maneno yakae angalau sentimita 1 ndani ya mstari wa kukata.

8. Karatasi ya nyuma. Mnapakua makaratasi ya maua ya waridi ya Wazungu na kabatini kwa mama kuna kanga thelathini! Ipige pasi, itandaze sakafuni kivulini, panda kigoda uipige picha kutoka juu. Sasa sikilizeni. Kanga ni mstatili, ukurasa ni mraba. Ukiikandamiza kanga nzima ienee, maua yanakuwa mayai. Kata kipande cha mji (sehemu ya katikati ya kanga) peke yake kiwe karatasi ya nyuma, ukikishusha uzito wa rangi (opacity) hadi asilimia 30 hivi juu ya leya ya rangi ya maziwa, la sivyo kitaila picha. Pindo likate vipande vinne vya fremu, pembe zikutane kwa nyuzi 45 kama fremu ya seremala. Jina, yaani maneno ya kanga, lichukue lilivyo, ulikalishe chini, ndipo mahali pake. Ila lisome kwanza. Kuna kanga za kusuta, na marehemu wako hana ugomvi na jirani.

9. Maski (kifuniko cha leya), si kifutio. Ukifuta kimekwenda, ukifunika utafunua.

10. Kivuli chini ya picha. Kidogo, laini.

11. Maneno. Nani, wapi, lini. Mashairi baadaye.

Maswali sasa.

---

mama_wawili: Ahsante dada. Mie nina simu tu, nimetoka?

Mwandishi: Hujatoka. Weka Snapseed, ni ya bure, ina kurekebisha rangi na kufuta madoa, hatua ya 4 hadi 6 unazimaliza. Hifadhi kama nakala kila mara. Kupanga ukurasa wenye leya nyingi ndiko kutakakokushinda. Safisha kwenye simu, kisha azima kompyuta siku moja upange zote kwa pamoja.

chumba_geni: Nimefuata hatua zote na bado inatoka mbovu.

Mwandishi: Zote zipi? Uliskani kwa ngapi?

chumba_geni: Sijaskani, nilipiga skrinishoti kwenye stetasi ya binamu.

Mwandishi: Hatua ya 2.

mkonge_mmoja: Hiyo 300 mnaikuza tu. Nachapisha kwa 150 miaka yote, hakuna mteja aliyelalamika.

Mwandishi: Wateja wako wanachapisha nini?

mkonge_mmoja: Mabango ya harusi, ya ukumbini.

Mwandishi: Bango mtu analitazama akiwa hatua kumi, 150 inatosha, hata chini ya hapo. Albamu inalazwa mapajani na bibi anaisogeza puani. Hatubishani, tunauza samaki tofauti.

mwana_pangani: Kaka yuko Muscat kanitumia picha ya baba kwa WhatsApp. Itafaa A3?

Mwandishi: Angalia pikseli zake kabla ya kuniuliza. Juzi niliyoletewa kwa njia hiyo ilikuwa 1,600 upande mrefu, yaani inchi 5 na kidogo kwa 300. A3 ni inchi 16 na nusu. Mwambie aitume upya kama dokumenti, si kama picha. Dokumenti haikamuliwi.

binti_usagara: Samahani dada, swali refu. Nimepanga picha nne na nimeweka kivuli kila moja, lakini ukurasa unaonekana kama vitu vinaelea. Nimepunguza, nimeongeza, wapi. Nakosea nini?

Mwandishi: Hili swali ndilo nililokuwa nalisubiri. Tazama vivuli vyako vinaangukia wapi. Naweka dau viwili vinaenda kulia na viwili kushoto. Ukurasa ni meza, na meza ina dirisha moja. Amua dirisha liko wapi, mie huliweka juu kushoto, kisha kila kivuli kianguke chini kulia. Ukishaweka kivuli usiizungushe picha pamoja nacho, maana kivuli nacho kitazunguka. Zungusha kwanza, kivuli baadaye. Kingine: usitumie nyeusi tupu. Chukua rangi iliyokolea kuliko zote kwenye kanga yako, ile hudhurungi au zambarau ya giza, ndiyo iwe kivuli. Na umbali ufuate unene: picha iliyobandikwa iko karibu na karatasi, kivuli chembamba. Ukiweka kifungo au ua lililoinuka, kivuli kinasogea mbali na kulainika. Nitumie ukishajaribu.

binti_usagara: Umeshinda dau. Mbili kulia, mbili kushoto 😂 Nimebadilisha, zimekaa! Swali la pili: picha ya babu imegandana na kioo cha fremu. Niibandue?

Mwandishi: USIIBANDUE. Unyevu wa huku pwani umeilainisha ngozi ya picha ikashika kioo, ukivuta unabaki na karatasi nyeupe na babu yuko kwenye kioo. Safisha kioo kwa nje, skani pamoja nacho. Utarekebisha mng'ao baadaye.

mama_wawili: Na zile albamu za gundi zenye nailoni juu?

Mwandishi: Uzi wa kusafishia meno. Upitishe nyuma ya picha taratibu kama unayekata siagi. Ukikwama acha, skani ukurasa mzima. Na vile vipakiti vya chembechembe kwenye maboksi ya viatu msivitupe, vinavuta unyevu. Viwekeni kwenye boksi la picha.

mzee_wa_reli: Mwanangu, kuna jambo hukulisema. Zamani mafundi wa studio walikuwa wakiandika nyuma ya picha kwa penseli, namba, pengine na tarehe. Skani na mgongo wa picha.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Hili sikuwa nalo kabisa, na nimeskani mamia. Naliongeza hatua ya 2 sasa hivi.

mzee_wa_reli: Marahaba. Penseli ikiwa imefifia, elekeza taa kutoka ubavuni, mikwaruzo yake itaonekana.

chumba_geni: Nimerudi. Nimeenda kwa shangazi, nimechukua picha yenyewe, nimeskani 600. Dada, naona mpaka shanga za shingoni!

Mwandishi: Hongera. Umefanya nakala?

chumba_geni: Ndo nataka nianze kusafisha.

Mwandishi: Nimeuliza nakala.

chumba_geni: Bado

Mwandishi: Picha ya shangazi iko wapi sasa?

chumba_geni: Kaondoka nayo Muheza.

Mwandishi: Usiguse kitu. Chomeka flashi.