Ukifungua nganda (baa) Kamalondo, hapa Lubumbashi, ambia baserveze (babinti ba kugawa vinywaji) ukweli mbele baanze

Mimi nilianza hii kazi kama serveze. Patroni aliniambia nitabeba tu chupa, kisha wiki mbili njo nikaelewa mushahara wangu ni ile bakiliya batanipatia nikienda nabo, na karte yangu ya elektere, kitambulisho changu, iko imefungiwa ku tirware (droo) yake. Leo niko na nganda yangu, basi mambo ninafanya ni haya.

Kaa naye chini asubuhi, hapana usiku muziki ikipiga. Karte uangalie mwaka ya kuzaliwa tu: kama hajafika 18 arudi kwabo, hata akilia, na mwenye amefika mrudishie karte palepale mukononi. Mwambie mushahara ni ngapi, tarehe gani, glasi ikivunjika ni nani analipa. Kama bakiliya ba kwako banazoea kuomba babinti, mwambie na hiyo, umwambie pia kukataa hakutamtosha ku kazi. Ukisema "utaona mwenyewe", tayari umemdanganya.

Sasa feza, hapa njo patroni wengi banaangukia. Bamama bazima benye kujitafutia bakiliya banakuwako, na kwetu Kongo sheria haimfungi mwanamke juu ya kujiuza, inafunga wewe mwenye kumuingiza ao kula ku jasho yake: sheria 06/018 ya tarehe 20/07/2006, artikle 174 bis, miezi 3 mpaka miaka 5, hata kama yeye alikubali. Kwa hiyo usikate komisyo, hata franka moja, usiite hiyo "feza ya kiti". Bia umuuzie bei ya bote.

Deni ya serveze, tumia kaye (daftari) mbili, moja yako, moja yake, na biki. Patroni wangu alikuwa anaandika na kreyo ya kufutika! Leo bia ya Simba 2, kesho unakuta 5, utabishana na nani? Kwangu tunaandika "Simba 2, glasi 1", tunatia saini bote mbele ya kufunga, kisha analala na kaye yake.

Kapoti (kondomu) weka bure ku choo, bila kuuliza.

Na kiliya akimulazimisha mutu, usimutetee sababu ananunuaka kaziye (kreti) nzima ya bia. Mupeleke dada hospitali mbiombio, dawa ya kuzuia VIH (virusi vya ukimwi) inaanzwa mbele ya saa 72 kuisha. Ile teksi utalipa, usiiandike ku kaye.