Kabla Hujawasha Gari: Kuwapeleka Wagonjwa wa Saratani Ocean Road kwa Kujitolea

Watu wachache wenye magari wanapokubaliana, kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha mtaa, kwamba watawapeleka wagonjwa wa saratani Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, bila malipo, mazungumzo huanzia kwenye magari: nani ana Noah, nani atachangia mafuta. Mimi ningeanzia kwenye kalenda. Mgonjwa wa mionzi hahitaji lifti ya siku moja. Mionzi ya nje, ile inayopigwa na mashine, hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ratiba ya kawaida ni siku 25 hivi za mionzi ya nje, halafu mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa mwilini karibu na uvimbe, na wataalamu wanataka yote yaishe ndani ya wiki 8. Siku zikirukwa hovyo, uvimbe hupata nafasi ya kuota tena.

Kwa hiyo kikundi chenye magari mawili na madereva watano wenye ajira zao kisiahidi wagonjwa kumi. Kiahidi wawili, kiwafikishe hadi siku ya mwisho. Ukimchukua mama wa Chanika Jumatatu mpaka Alhamisi, kisha Ijumaa ukamwambia gari lina shughuli, umemwacha pabaya kuliko ulivyomkuta, maana yule mpwa aliyekuwa akimsindikiza kwenye daladala amekwisha kurudi kwenye biashara yake. Kila zamu iwe na dereva wa akiba anayejua kwamba yeye ni akiba, na ambaye simu yake hupokelewa saa kumi na moja alfajiri.

Wagonjwa msiwatafute wodini kwa kuuliza kitanda hadi kitanda. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, mjieleze, muache namba moja ya simu, si tano. Wao ndio wanaojua nani amefikia kwa ndugu Mbagala na anakaribia kukatiza matibabu kwa kukosa nauli. Mkubaliane pia nani atawaarifu siku mashine inapofanyiwa matengenezo. Kumtoa mtu Bunju kwa foleni ya saa mbili na kumrudisha bila tiba ni kumchosha bure.

Njia nazo zina mambo yake. Ocean Road iko ufukweni, jirani na Ikulu, na msafara wa viongozi ukipita barabara hufungwa bila kukuuliza una nani ndani ya gari. Anayetoka Masaki au Mwenge ana nafuu tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022. Wa Kigamboni ana machaguo mawili, kivuko cha Magogoni au daraja la Kurasini, na dereva aamue kabla hajafika kwenye foleni ya kivuko, si akiwa katikati yake. Wa Kimara na Mbezi ajiulize kuhusu Jangwani kila masika yanapoingia, kwa sababu mvua ikizidi pale hapapitiki. Andikeni njia ya pili ya kila mgonjwa. Ya kichwani husahaulika siku ya mvua.

Sasa jambo ambalo wajitoleaji wengi huona haya kulizungumza, nalo ndilo linaloamua kama safari itakuwa ya amani: choo. Mgonjwa anayepigwa mionzi ya nyonga mara nyingi huelekezwa kunywa maji na kuingia chumba cha mashine kibofu kikiwa kimejaa, ili utumbo usogee kando. Akinywa akiwa bado Gongo la Mboto, kufika Tazara atakuwa analia. Muulizeni mhudumu wa mionzi maji yanywewe lini, na kwa kawaida ni heri yanywewe mkishafika. Wiki zikisonga, mionzi hiyohiyo huleta kuharisha na haja ndogo ya mara kwa mara, hivyo safari ya kurudi ni ngumu kuliko ya kwenda. Dereva ajue vituo vya mafuta vyenye choo safi kwenye njia yake, na aseme mapema, “Mama, tukifika pale tunasimama,” bila kusubiri kuombwa. Mama wa miaka sitini hatamwomba kijana wa umri wa mwanawe asimamishe gari kwa ajili ya choo. Atavumilia mpaka aaibike. Ndiyo maana ni vizuri kila gari liwe na mwanamke mmoja, awe dereva, msaidizi au ndugu wa mgonjwa.

Kwa wanaotoka kwenye kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, tatizo ni kichefuchefu. Toeni vile vinukato vinavyoning'inia kwenye kioo, na dereva asijipulizie marashi siku hiyo. Wekeni ndoo ndogo yenye mfuniko (mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo huvuja), glavu, tishu na maji. Glavu si mapambo: kwa siku mbili hivi baada ya kemo, matapishi na mkojo huweza kuwa na mabaki ya dawa. Khanga iliyokunjwa chini ya mkanda wa gari humsaidia aliyekatwa titi. Dereva mwenye mafua abaki nyumbani, kwani kemo hushusha kinga, na mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi hapelekwi nyumbani kulala bali anarudishwa hospitali saa ileile. Namba ya kupiga usiku iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ndani ya gari.

Kuna woga wa kuondoa kabla ya zamu ya kwanza. Wapo wanaodhani mtu aliyetoka kwenye mashine anaambukiza mionzi. Haambukizi. Mionzi ya nje haibaki mwilini, na mjamzito au mtoto anaweza kukaa naye kiti kimoja. Tofauti ni wale wachache waliopewa iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi ya shingoni, ile tezi inayovimba na kuwa goita. Hao hupewa masharti ya umbali kwa siku kadhaa, na hospitali ndiyo itakayosema wasafiri lini na vipi.

Dereva si muuguzi. Hambebi mgonjwa mgongoni, hampi dawa, hamshauri aache mionzi aende kwenye mizizi, hata kama shangazi yake alipona. Mgonjwa asiyeweza kukaa kitini, au anayehitaji oksijeni, anahitaji gari la wagonjwa, na kukataa kumbeba ni sehemu ya kumtunza.

Fedha: chanzo cha ugomvi. Dereva asipokee nauli, hata “ya soda”, kwa kuwa anayetoza nauli ameingia kwenye biashara ya usafirishaji inayotaka leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na bima ya gari binafsi inaweza kumkana ajali ikitokea. Mwelezeni wakala wa bima kwa maandishi mnachokifanya, naye awajibu kwa maandishi. Mafuta yatoke kwenye akaunti ya kikundi, kwa risiti. Kwa usajili wa kikundi, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ndizi za shukrani pokeeni. Kuzikataa ni kumvunjia mtu heshima.

Siri pia ni maandalizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata daftari lenu la majina na magonjwa, sembuse picha. Msibandike neno “saratani” kwenye gari. Kuna mama ambaye majirani wanajua anakwenda kliniki ya presha tu, na ni haki yake. Kundi la WhatsApp la madereva litumie jina la kwanza, saa na mahali pa kumchukulia, basi.

Mwisho wa ratiba huwa si mwisho wa safari. Hifadhini nafasi za tarehe za marudio. Na mgonjwa wa mkoani akimaliza, apangiwe dereva wa kumpeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri ambayo mabasi mengi huondoka, na mtu amkatie tiketi ya siti ya mbele, karibu na mlango.