Namna ya kulichambua neno "muungano" hadi kwenye mzizi

Vua viambishi kutoka nje kwenda ndani. Ukianzia kwenye mzizi utakuwa unabahatisha.

Ondoa kwanza mu-. Hiki ni kiambishi cha ngeli ya M-MI: mbele ya irabu kama a, e na i hugeuka mw- (mwanzo, mwaka), lakini mbele ya u hubaki mu-, kama muundo. Hakikisha kwa wingi wake, miungano. Kisha toa -o ya mwisho, ile inayogeuza kitenzi kuwa nomino (kutana, mkutano), urudishe -a. Unapata ungana. Toa -an- ya kutendana, inabaki unga.

Hiyo -an- ndiyo roho ya neno. Inasema pande zote zimetenda, kila mmoja akimwendea mwenzake. Ukiweka -ish- baada yake, mtendaji anahama: unganisha lina mtu wa tatu anayeviweka pamoja vitu viwili. Ndiyo maana mteja Mbagala huomba kuunganishiwa umeme, na abiria huunganisha magari Mwenge. Kwa hiyo usiandike "muunganisho wa vyama viwili" ikiwa vyenyewe vimekubaliana. Huo ni muungano.

Hatua inayowaangusha wengi ni kutambua ndugu wa mzizi. Unga wa sembe haumo. Ni nomino yenye sura ileile tu. Ungua nayo ni habari ya moto, si kinyume cha unga. Ndugu wa kweli ni kiungo cha mwili, kiungo wa timu anayeshika katikati ya uwanja, kuunga mkono hoja, hata maharage yaliyoungwa kwa nazi. Kote humo kitu kinatiwa au kinashikizwa kwenye kingine.

Sasa lilinganishe na majirani zake. Ushirika umetoka kwenye mzizi wa Kiarabu sh-r-k, wa kugawana fungu, na ushirikina ni wa mzizi huohuo: kumwekea Mungu mshirika. Jumuiya ni ya j-m-', pamoja na jamii, jamaa na Ijumaa. Umoja ni wa -moja, Kibantu kama muungano. Ubia uachie biashara ya mtaji na faida.

Mwisho, angalia herufi ya kwanza na upatanisho. Kwa herufi kubwa, nchini Tanzania, Muungano ni ule wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964, na "mambo ya Muungano" ni yale yaliyoorodheshwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Andika "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania": ya inafuata jamhuri, wa inafuata Muungano. "Jamhuri ya Muungano ya Tanzania" ni kosa, nalo hupenya hata kwenye barua zenye mihuri.