Jinsi ya kufuatilia ugomvi wa serikali na kampuni ya madini bila kupigwa changa la macho

Hii kitu hujirudia kila baada ya miaka michache. Serikali inatoka inasema tumeibiwa, kampuni inatoka inasema tumelipa kila kitu, na huku mtandaoni watu washagawana kama Simba na Yanga, hakuna anayetaka kusikia upande wa pili. Nimeona watu wazima, tena wasomi, wakitukanana wiki nzima kwa sababu ya namba ambayo mwisho wa siku haikuingia benki yoyote. Sasa naweka hapa namna ya kufuatilia haya mambo, na mfano wangu mkubwa utakuwa ule wa 2017, serikali ya Tanzania na Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu, wakigombania makinikia (mchanga wenye madini unaosafirishwa kwenda kuyeyushwa nje), kwa sababu ule ulianza, ukakolea, ukaisha, kwa hiyo tunaweza kuuangalia wote kichwa mpaka mkia.

Anza na hili: wanagombania nini hasa?

Ukisikia "mgogoro wa madini" usikubali neno liishie hapo. Huwa ni kimoja kati ya vinne: ama wanabishana mzigo una kiasi gani (hesabu), ama kodi ambayo haikulipwa, ama serikali imebadili sheria na kampuni inasema mkataba wetu wa zamani haukusema hivyo, ama leseni imefutwa. Kila kimoja kina ushahidi wake na mahali pake pa kuamuliwa. Shida ya 2017 ni kwamba vitatu vya kwanza vilikuja pamoja ndani ya miezi mitano, Machi wakazuia makinikia yasitoke, Mei na Juni zikaja ripoti za kamati mbili za rais, Julai sheria mpya zikapita bungeni na bili ya kodi ikatua, na watu wakachanganya yote wakapata uji mmoja. Mtu anakwambia "walituibia kwenye makontena" halafu kama ushahidi anakutajia bili ya TRA, yaani mamlaka ya kodi. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukitajiwa namba, ivunje vipande

Hapa ndo nakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi tunapigwa, na hapahitaji digrii, kalkuleta ya simu inatosha.

Kamati ya Profesa Mruma ilisoma ripoti yake Ikulu tarehe 24 Mei 2017. Pale bandarini kulikuwa na makontena 277. Kamati ikasema kila tani ya makinikia ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Kontena moja linabeba kama tani 20, kwa hiyo 1,400 mara 20 unapata kilo 28 kwa kontena. Zidisha kwa 277, unapata tani 7.8 hivi, thamani yake wakasema shilingi bilioni 676. Nyaraka zilizokuwepo kabla ya hapo zilikuwa zinasema gramu kama 200 kwa tani, yaani kilo 4 kwa kontena, tani 1.1 kwa makontena yote, thamani bilioni 97.5.

Umeona kitu? Idadi ya makontena haibishaniwi, uzito haubishaniwi. Ubishi wote wa mabilioni umekaa kwenye namba moja tu, gramu ngapi kwa tani. Kwa hiyo maswali ya kuuliza si "wewe ni mzalendo au kibaraka", maswali ni: sampuli zilichukuliwa kwenye makontena mangapi, zilichukuliwaje, zikapimwa maabara gani, na je kampuni nayo ilipewa sampuli zile zile ikapime? Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, mzigo ukipimwa na upande mmoja tu basi ugomvi hauishi, hata kama aliyepima kapima vizuri.

Ukishavunja namba, ipeleke kwenye uhalisia. Acacia walijibu kwamba hesabu za kamati zikiwa za kweli, basi Bulyanhulu na Buzwagi zingekuwa ndo migodi miwili inayoongoza duniani kwa dhahabu. Sisemi uwaamini kwa sababu wamesema wao, nasema hilo ni jambo linalopimika, orodha za wazalishaji wakubwa duniani zipo wazi, unaenda unalinganisha mwenyewe.

Halafu Julai ikaja bili ya kodi, dola bilioni 190. Kodi yenyewe kama bilioni 40, na faini pamoja na riba kama bilioni 150, kwa miaka ya 2000 mpaka 2017. Ndo ukaja ule utani wa kila Mtanzania kupata gari aina ya Noah, maana ukigawa kwa watu milioni 50 na kitu kila mmoja anapata zaidi ya dola 3,000. Lakini pima: bilioni 190 ilikuwa zaidi ya mara tatu ya uchumi mzima wa Tanzania kwa mwaka. Hakuna kampuni ya madini duniani yenye uwezo wa kuilipa hiyo. Namba ya namna hiyo kazi yake ni kumwita mtu mezani, na kweli walikuja, hilo tusiwanyime. Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alipanda ndege akaja Dar kumuona Rais Magufuli Juni 2017, baada ya namba za kamati, hata kabla bili haijatoka.

Mjue unayegombana naye

Migodi haimilikiwi na jina lililoandikwa kwenye kofia za wafanyakazi. Buzwagi ilikuwa chini ya Pangea Minerals, Bulyanhulu na North Mara kila mmoja una kampuni yake iliyosajiliwa hapa, juu yao alikuwepo Acacia wa soko la hisa la London, na juu ya Acacia alikuwepo Barrick wa Kanada mwenye karibu asilimia 64 ya hisa zake. Kamati ya pili, ya Profesa Osoro, ikasema Acacia hana usajili Tanzania, mitaani ikapokelewa kama bomu, ila ukiijua hiyo ngazi unaona kwamba swali zito zaidi ni yupi kati yao ana leseni na yupi ana deni. Mwisho wa yote serikali iligoma kabisa kumalizana na Acacia, ikazungumza na mwenye mali, na 2019 Barrick wakanunua hisa zote zilizobaki na jina la Acacia likazikwa.

Faida nyingine ya kujua ngazi hii: kampuni ikiwa soko la hisa inalazimika kuwaambia wanahisa wake mambo kwa maandishi, na ikiwadanganya inashtakiwa. Kwa hiyo mi nikitaka kujua kampuni inaogopa nini sisomi mahojiano ya meneja mawasiliano, nasoma taarifa waliyoituma soko la hisa siku hiyo hiyo, mara nyingi pale lugha ni kavu na ukweli upo mwingi zaidi.

Asilimia: uliza "ya nini?"

Sheria za 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 mpaka 6, zikaweka ada ya ukaguzi asilimia 1, na serikali ikapata hisa za bure zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni ya mgodi. Hivi vitatu havifanani hata kidogo. Mrabaha unakatwa kwenye thamani ya mzigo, mgodi upate faida usipate faida unalipa. Kodi ya mapato asilimia 30 inakatwa kwenye faida, na hapo ndo penye janja janja zote, mikopo kutoka kampuni dada, gharama za uongozi kutoka ng'ambo, mitambo inayopungua thamani, unakuta mgodi unachimba miaka na miaka vitabuni unaonesha hasara tu. Na hisa za asilimia 16 hazikupi kitu mpaka gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, litangazwe. Kwa hiyo mtu akikwambia "tuna asilimia 16 ya dhahabu" mwambie hapana kaka, tuna asilimia 16 ya gawio, siku likitoka.

Na ile 50 kwa 50 ya makubaliano ya serikali na Barrick ndo inawachanganya watu kuliko zote. Haimaanishi dhahabu inakatwa katikati. Maana yake ukijumlisha kodi, mrabaha, ada na gawio la serikali kwa muda wote wa uhai wa mgodi, inatakiwa ifike nusu ya faida za kiuchumi zinazotokana na mgodi. Sasa hapo neno lote limebebwa na "faida za kiuchumi" zinahesabiwaje na nani anakagua, na hizo zipo kwenye kurasa za ndani za mkataba, hazipo kwenye hotuba.

Subiri hela iingie, ndo uhesabu

Oktoba 2017 likatangazwa fungu la dola milioni 300 la kuilipa serikali ili ugomvi uishe, ndo ile iliyobatizwa kishika uchumba. Watu wakadhani imeingia kesho yake. Mkataba wenyewe ulikuja kusainiwa Januari 2020, zaidi ya miaka miwili baadaye, ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, Barrick asilimia 84 serikali 16. Malipo ya kwanza dola milioni 100 yakaja Mei 2020, na zilizobaki zikapangwa milioni 40 kila mwaka kwa miaka mitano. Oktoba mwaka huo Twiga ikatangaza gawio la dola milioni 250, serikali ikapata 40. Piga mwenyewe asilimia 16 ya 250, utaona imekaa sawa sawa.

Sasa weka milioni 300 mbele ya bilioni 190. Ni kama senti 16 kwa kila dola 100 zilizodaiwa. Wapo watakaosema tulipigwa, wapo watakaosema bora hiyo kuliko sifuri, na mi naona kilichopatikana cha maana zaidi ni hisa na mrabaha maana hivyo vinaendelea kila mwaka, ile 300 ni ya mara moja tu. Lakini huwezi kufika kwenye ubishi huo mzuri kama bado unaamini bilioni 190 ilikuwa hela halisi.

Usisahau safu ya matumizi

Hii hesabu watu hawaifanyi. Mabadiliko yale yale ya sheria ya 2017 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, zile ambazo kampuni inashikilia eneo bila kuchimba ikisubiri bei au miundombinu. Nia naielewa, kuna watu walikaa juu ya maeneo miaka. Ila wenye leseni walikuwa na mikataba ya kulinda wawekezaji kati ya Tanzania na nchi zao, wakaenda usuluhishi wa kimataifa. Winshear ya Kanada ikamalizana nasi 2023 kwa dola milioni 30. Indiana Resources, wale wa nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea, ICSID (kituo cha Benki ya Dunia cha kuamua migogoro ya wawekezaji) iliwapa milioni 109.5 mwaka 2023, mwaka uliofuata tukakubaliana milioni 90. Montero, waliokuwa na Wigu Hill, milioni 27. Jumla 147, karibu nusu ya kile kishika uchumba, na hapo sijaweka ada za mawakili.

Msije mkasema basi serikali huwa inapigwa tu. Kenya walifuta leseni ya Cortec pale Mrima Hill, Kwale, mwaka 2013, kampuni ikadai zaidi ya dola bilioni 2, na 2018 wasuluhishi wakaitupa kesi kwa sababu leseni yenyewe haikutolewa kihalali, tathmini ya mazingira haikuwepo wakati lile eneo ni msitu wa hifadhi na kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo. Kwa hiyo kwenye ugomvi wa leseni, kabla hujasikiliza nani analia zaidi, tafuta leseni ilitolewa lini, na vibali gani vilitakiwa vitangulie. Kwenye tovuti ya ICSID unaandika jina la nchi unaona kesi zote, mwaka zilipofunguliwa na zimefikia wapi, dakika tano tu.

Wenzetu wa Kongo wameliona la kwao pia, 2022 mzigo wa mgodi wa Tenke Fungurume ulizuiwa kutoka wakati Gécamines, kampuni ya serikali, wanadai washirika wao wa CMOC ya China wameficha ukubwa wa akiba ya madini, wakamalizana Aprili 2023. Nchi ya Mali nayo iligombana na Barrick huyo huyo, Januari 2025 helikopta ya serikali ilitua mgodini ikabeba dhahabu. Ukitumia maswali hayo hayo unaona Tenke ni ugomvi wa hesabu, Mali ni wa sheria mpya na kodi.

Shuka mpaka halmashauri

Wakati vigogo wanazungumza, Bulyanhulu walipunguza shughuli kuanzia Septemba 2017 na watu wengi wakarudi nyumbani, na hao hawakuwa kwenye hesabu ya upande wowote. Ukiwa unaishi karibu na mgodi cha kufuatilia kwanza ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo inayoenda halmashauri. Mauzo yakisimama nao unasimama, na utaona kwenye bajeti ya halmashauri kabla hujasikia redioni, darasa lililokuwa limefika lenta linabaki hapo hapo. Bajeti hizo husomwa kwenye baraza la madiwani, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza.

Kwa upande wa taifa, soma ripoti za TEITI, taasisi ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi, zinaweka pembeni kampuni ilichosema imelipa na serikali ilichosema imepokea, ukiona tofauti hapo ndo pa kuanzia. Na usiache ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mikataba yenyewe, kuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Rasilimali za Madini, Mafuta na Gesi Asilia ya 2015, inamtaka waziri aiweke wazi. Kwa hiyo siku ukiona picha za watu wanasaini Ikulu wakipeana mikono, iulizie hiyo karatasi waliyosaini, na kama haionekani mwandikie mbunge wako umtajie hiyo sheria kwa jina na mwaka, wengi hawategemei mpiga kura awaulize hivyo.