Mutoto iko na nywele nyekundu? Angalia miguu kwanza

Mimi nasuka nywele hapa Kadutu, mu Bukavu, na siku moja koko mumoja alinileteya mujukuu wake, wa kama myaka mbili, akanivuta pembeni na kunong'ona, mama, umupake rangi nyeusi juu batu ba kartie banasema huyu ni mulozi. Nywele ilikuwa nyekundu kweli, ya kuelekea njano, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilikatala. Njo sababu naandika, juu najua koko si ye peke yake.

Kitu ya kwanza, acha kichwa, shuka ku miguu. Kamata miguu yote mbili, finya juu ya kila mumoja na kidole gumba, hesabu polepole paka tatu, achilia. Kama inabakia shimo, sawa vile umefinya bugali ya moto, hiyo si bulozi, ni bwaki (kwashiorkor), ugonjwa wa kukosa chakula ya kujenga mwili, njo yenye inageuza nywele nyekundu, na mutoto anapashwa kufika ku santre ya afya leo leo, hata kama anaonekana munene, juu ule unene ni maji. Kwa yule wa koko shimo lilibakia, tukaliangalia sisi babili, hakuna mwenye alisema kitu. Angalia tena kama nywele inangoka ukiivuta kidogo tu, kama ngozi inabanduka, kama mutoto ni wa kulialia na chakula hataki. Bwaki inakamata sana mutoto mwenye ameachishwa ziwa na anakula bugali ya muhogo tu asubui na mangaribi. Na si kitu ya jana, pale Lwiro, santre ya uchunguzi huku Kivu, waganga ba opitali baliichunguza tangu wakati wa Babeleji. Usijaribu kumuponesha mwenyewe na kumujaza nyama siku moja, mwili wake hauko tayari, acha bainfirmie bamuanzishe na maziwa yao polepole. Samaki kidogo ya sambaza, soja, maharagi, mayai, hiyo ni ya nyuma.

Miguu ikiwa muzuri na mutoto alizaliwa vile, basi ni ya damu. Iko aina ya ualbino yenye inatoa ngozi rangi ya matofali na nywele nyekundu, inaonekana kwetu Baafrika. Mufunike kichwa na jua, bamupime macho. Nywele nyekundu ya bazungu ni ingine, inatoka ku jeni inaitwa MC1R, hiyo ilijulikana 1995, na mutoto anapashwa kuipata kwa baba na kwa mama, njo maana bazazi benye nywele nyeusi banaweza kuzaa mwekundu bila mwanaume wa inje kuingia mu habari!

Sasa midomo ya batu. Usigombane, jibu kufuatana na mutu. Wa kanisa mufungulie 1 Samweli 16:12, Daudi anaitwa mwekundu, na Mwanzo 25:25 Esau anazaliwa mwekundu mwili muzima, na Rebeka mama yake hakufukuzwa ku nyumba. Mwenye anajifanya amesoma atasema hata bazungu baliiogopa, mwitikie, ni kweli, bachoraji ba Ulaya ya zamani balimupakaga Yuda nywele nyekundu na Biblia haisemi hata neno moja juu ya nywele yake, na kule Misri nyekundu ilikuwa rangi ya Seth, mungu wa fujo. Lakini muulize Ramses II je? Maiti yake ilipelekwa Paris 1976, bachunguzi bakaona nywele yake ilikuwa nyekundu ya kuzaliwa, farao mukubwa vile. Elizabeth I wa Uingereza naye, mwekundu, akatawala toka 1558 paka 1603. Mwenye anaendelea kukazana, mwambie Katiba yetu ya Congo ya 2006, kifungu 41, inakataza kumushitaki mutoto bulozi na sheria inamuazibu mwenye kufanya hivyo. Hapo banatulia mbio.

Na ile rangi nyeusi, usipake. Inaweza kumuunguza ngozi, tena inaficha alama yenye muganga anatafuta. Nywele mupya ikianza kutoka nyeusi ku mizizi, ujue chakula inaingia mu mwili. Koko alirudia kwangu nyuma ya miezi ine, mujukuu ku mugongo, nyeusi ilikuwa imefika vidole mbili, nyekundu imebakia ku ncha tu. Nikachukua makasi nikaikata. Akaniomba niifunge mu karatasi, atawaonyesha bale ba kartie.