Mashindano yako ya kwanza ya karate: maandalizi ya wiki nane kwa mchezaji wa Dodoma

Mchezaji anayeingia mashindano kwa mara ya kwanza huwa hakosi ngumi. Ngumi amezipiga maelfu kwenye sakafu ya simenti ya ukumbi wa shule. Anachokosa ni yale ambayo mazoezi ya kawaida hayampi: mstari asioruhusiwa kuvuka, refa anayetoa amri kwa Kijapani, mpinzani asiyemjua, na saa nne za kukaa kwenye benchi kwa ajili ya dakika mbili za kupigana. Wiki nane zinatosha kuyazoea hayo, mradi uanze nayo mapema badala ya kuyakumbuka siku ya safari.

Kabla ya mazoezi yoyote, muulize sensei (mwalimu) wako swali moja: tunacheza kwa sheria gani? Mifumo miwili ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ule wa Shirikisho la Dunia, WKF, ni wa kuhesabu pointi. Ngumi ni yuko, pointi 1. Teke la mwilini ni waza-ari, pointi 2. Teke la kichwani, au pigo lolote kwa mpinzani aliyeanguka, ni ippon, pointi 3. Anayetangulia kwa tofauti ya pointi 8 anashinda hapohapo. Mfumo wa pili ni shobu ippon, unaopendwa na klabu nyingi za mtindo wa Shotokan. Huku ippon ni pigo kamili na waza-ari ni nusu yake: ippon moja au waza-ari mbili, na pambano limekwisha. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Kwenye pointi unaweza kukosea, ukarudi. Kwenye shobu ippon kosa la sekunde ya tatu linakurudisha kwenye benchi, kwa hiyo unajifunza kusubiri.

Uliza pia kundi lako la umri na uzito. Kwa watu wazima wanaume WKF ina kilo 60, 67, 75, 84 na zaidi ya 84. Wanawake 50, 55, 61, 68 na zaidi ya 68. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Ukiona umezidi kilo mbili, ingia kundi la juu. Kujinyima maji ili ushuke uzito kwenye mashindano ya kwanza ni ujinga: utapita mizani asubuhi na miguu itakuishia mchana.

Gi na kinga

Gi, yaani sare ya karate, iwe nyeupe, safi, isiyo na nembo za mbwembwe. Koti likishafungwa mkanda lifunike nyonga, lisizidi robo tatu ya paja. Mikono isipite kifundo, na usiikunje kamwe. Refa atakwambia uikunjue mbele ya watu. Suruali ifunike angalau theluthi mbili za ugoko bila kupita kifundo cha mguu. Gi mpya ya pamba hunywea, kwa hiyo ifue kwa maji baridi mara tatu ndipo umpelekee fundi cherehani apunguze pindo. Wengi hufanya kinyume, na siku ya mashindano suruali imepanda katikati ya ugoko. Vumbi jekundu la huku halitoki kwa kusugua kavukavu. Loweka usiku kucha kwa maji na sabuni. Jiki iache, inakula nyuzi za mishono.

Kwenye kumite (pambano la watu wawili) ya WKF utahitaji glavu na kinga za ugoko na miguu kwa rangi nyekundu na bluu, mikanda ya rangi hizo hizo, kinga ya kifua na kinga ya meno. Seti za rangi mbili ni gharama, na klabu nyingi huchangishana kununua za pamoja. Kinga ya meno ndiyo isiyoazimwa. Nunua ile ya kuchemsha na kuuma, uitengeneze wiki mbili kabla.

Chemsha maji kwenye sufuria, epua yanapotokota. (Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hutokota kwenye nyuzijoto 96 hivi. Haidhuru, yanatosha.) Tumbukiza kinga kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, si zaidi, la sivyo inajikunja kama karatasi. Itoe kwa kijiko, ichovye kwenye maji baridi sekunde moja isikuunguze ufizi, kisha ipachike kwenye meno ya juu ukiwa mbele ya kioo. Uma kwa nguvu ya kawaida, nyonya hewa na mate yote, bonyeza kwa vidole kupitia mdomo wa juu na mashavu huku ulimi ukisukuma kwa ndani. Hesabu hadi 30, toa, tia kwenye maji baridi. Jaribio ni rahisi: fungua mdomo bila kuuma. Ikidondoka, rudia. Ikikutia kichefuchefu, kata ncha za nyuma kwa mkasi, milimita mbili mbili. Baada ya hapo ivae kila zoezi la kumite, kwa sababu kupumua ukiwa nayo ni kazi nyingine kabisa.

Chora eneo

Eneo la pambano ni mraba wa mita 8 kwa 8. Lichore kwa chaki ukumbini, au kwa majivu kama mnafanyia uwanjani. Ukumbi ukiwa mdogo, chora kona moja tu ya mita 4 kwa 4, kwa maana kona ndipo wageni wanapomalizwa: wanarudi nyuma moja kwa moja mpaka mguu unavuka mstari, wanapewa onyo la jogai, na pambano linaharibikia hapo. Fanya hivi: simama na kisigino hatua moja kutoka mstarini, mwenzako akushambulie sekunde 15, wewe utoke kwa pembeni, kushoto au kulia, bila kukanyaga chaki. Mara sita, halafu mbadilishane.

Kama mmezoea simenti, tafuteni mikeka ya tatami angalau mara mbili kabla ya safari. Mkeka unashika unyayo. Teke la mawashi-geri, lile la kuzungusha mguu, ambalo kwenye simenti mguu wa chini unageuka wenyewe, kwenye mkeka mguu unabaki na goti linajipinda. Jizoeze kuinua kisigino kidogo unapogeuka.

Ngumi inayosimama

Hapa ndipo wachezaji wapya wengi wanapoharibikiwa, na si kwa kukosa nguvu. Ngumi ya usoni inatakiwa iguse ngozi kwa wepesi kwa watu wazima. Kwa walio chini ya miaka 16 ngumi hairuhusiwi kugusa uso kabisa. Ukimtoa mtu damu hupati pointi, unapata onyo, na maonyo yakijaa unatolewa.

Kinachotokea ni hesabu tu. Dojoni, kwenye ukumbi wenu wa mazoezi, mwenzako unamjua, unajua anasimama wapi. Mgeni anaingia wakati na wewe unaingia, nafasi inafungwa kwa kasi ya watu wawili, na ngumi uliyoipima kwa umbali wa mtu aliyesimama inatua puani. Kwa hiyo zoezi la kwanza liwe na mwenzako aliyetulia: gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) 50, kitambaa cha glavu kiguse shavu bila kichwa kutikisika, pole pole kisha kwa kasi kamili. Zoezi la pili, ambalo ndilo lenyewe, ni yeye kupiga hatua moja mbele kila unaporusha, nawe ufupishe mkono. Lifanye mwisho wa mazoezi, mapafu yakiwa yameisha, maana udhibiti hupotea mtu akichoka.

Na ukishapiga, rudisha mkono, kaa kwenye kamae (mkao wa kujihami), macho kwa mpinzani. Hiyo ndiyo zanshin, na bila hiyo ngumi nzuri haihesabiwi. Anayegeuka mgongo kushangilia kabla refa hajasema “yame” (simama) anapoteza pointi yake, na anaweza kupewa onyo la mubobi kwa kujiweka hatarini.

Usibebe mbinu kumi. Kizami-zuki (ngumi ya mkono wa mbele), gyaku-zuki na teke moja la mwilini unaloliamini zinatosha. Teke la juu lina pointi 3 na linavutia macho, lakini mgeni akilirusha huku ana wasiwasi huishia chini.

Wiki kwa wiki

Wiki ya 1 hadi ya 3, siku nne kwa wiki: mbinu zako tatu, mara 100 kila moja kila upande, na mbio za sekunde 10 kwa kasi yote na 50 za kutembea, mara nane. Wiki ya 4 hadi ya 6: mapambano ya dakika 2, mapumziko dakika 1, matano kwa siku, na mtu mmoja awe refa anayesema “hajime” (anza), “yame”, “tsuzukete” (endelea) kwa sauti. Wiki ya 7: waalikeni watu wa dojo nyingine, mfanye mashindano madogo yenye kuita majina, salamu na kusubiri. Wiki ya 8 punguza nusu, na siku mbili za mwisho pumzika. Kiangazi fanya mazoezi saa 12 asubuhi au saa 11 jioni, ukikwepa jua na upepo wa vumbi.

Kata, ule mfululizo wa mienendo unaofanywa bila mpinzani, nayo ina ukaguzi wake. Weka alama ya chaki unapoanzia. Heian Shodan, kata ya wanaoanza Shotokan, ina mienendo 21 na inatakiwa ikurudishe palepale. Ukiishia mbali zaidi ya hatua moja, hatua zako hazilingani. Irudie ukitazama kila ukuta, kwa sababu ukumbi wa ugenini hauna lile dirisha linalokukumbusha pa kugeukia. Mkanda ukidondoka umetolewa, hivyo kaza fundo na uache ncha zenye urefu wa kutosha. Ukisahau, endelea, kusimama sekunde kadhaa kunakutoa pia.

Safari na siku yenyewe

Mashindano yakiwa Dar es Salaam, shuka kwa treni ya SGR siku moja kabla. Huku jasho hukauka kabla hujaliona. Pwani linamiminika, na gi nzito ya turubai inakuwa mzigo. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Usiku kula wali au ugali na kuku, maharage kidogo tu kwa sababu ya gesi. Asubuhi, muda wa saa tatu kabla ya pambano, uji na chapati mbili. Katikati ya mapambano, ndizi mbivu au zabibu. Chipsi mayai za nje ya ukumbi ziache mpaka utoke mara ya mwisho.

Kucha fupi, hereni na pete nyumbani, miwani huruhusiwi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na kwa aliye chini ya miaka 18, barua ya mzazi. Pasha mwili dakika 20 kabla ya zamu yako hadi jasho litoke, kisha vaa sweta juu ya gi. Usiende mbali na meza: jina likiitwa na haupo, mpinzani anapewa ushindi.

Ukipigwa kichwani na baadaye ukaumwa kichwa, ukaona ukungu au ukatapika, mwambie kocha, na pambano linalofuata usicheze hata kama ni fainali. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usilale peke yako usiku huo, na usirudi kwenye kumite mpaka daktari akuruhusu.