Kutengeneza shanga kwa chupa kuukuu, Kigoma

Mwaka 1962, huko Toledo, Marekani, Harvey Littleton, mfinyanzi na mwalimu wa sanaa, alitaka kuonyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo mwenyewe, nje ya kiwanda. Jaribio la kwanza lilikwama. Dominick Labino, mtaalamu wa kioo, akashauri watumie gololi za kioo, na kazi ikaenda. Kioo kilichokwisha kutengenezwa huyeyuka upesi kuliko mchanga, ndiyo maana chupa zinatufaa.

Ushanga mmoja, chupa moja. Ukichanganya, kila kioo hunywea kwa kiasi chake kikipoa, na ushanga hupasuka, pengine siku kadhaa baadaye.

Funga chupa safi ndani ya gunia lililolowa, ponda, kisha chekecha. Vaa barakoa na miwani. Vumbi lake huharibu mapafu.

Paka kalibu za udongo uji wa kaolini (udongo mweupe laini), zikauke kabisa, la sivyo kioo kitagandamana nazo. Simamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati (Kigoma hukikosi). Kitaungua na kuacha tundu. Jaza unga wa kioo.

Choma hadi nyuzi 800–850 za Selsiasi, kalibu ziwake rangi ya chungwa. Kisha ziba tanuri usiifungue hadi kesho yake: karibu na nyuzi 540 kioo kinahitaji kupoa taratibu sana. Ushanga ukitoka na chengachenga kama sukari, moto ulikuwa mdogo.